Jairam Shivji, Bwana Forodha wa Unguja

 

Kamati ya kijitabu hiki iliponiomba makala, nilikusudia kusimulia habari za ujenzi wa hekalu letu. Habari hizo wamekwisha kuziandika wenzangu, tena kwa ufasaha kunishinda. Jambo moja dogo lililotokea dukani kwangu ndilo lililonigeuza nia. Mtoto wa jirani yetu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa amerudi kutoka Unguja katika safari ya shule. Walionyeshwa Forodhani na Ngome Kongwe, kisha wakapelekwa Mkunazini, penye kanisa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Alinipa shikamoo, akachukua madaftari aliyoyafuata, halafu akaniuliza kwa adabu: babu, wazee wenu Wahindi walisimama upande gani katika soko lile? Nilimjibu harakaharaka kwamba wazee wetu walikuwa wauza nguo tu. Alishukuru akaenda zake, nami nikabaki nikijua kuwa sikumjibu. Makala haya ndiyo jibu ninalodaiwa. Ni maisha ya mtu mmoja, Jairam Shivji, Mhindi aliyekuwa na sehemu kubwa kuliko wengi katika kuufanya Unguja uliokuwa mji wa kawaida kuwa mji mkuu wa biashara wa pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Mundra na Maskati

Jairam alikuwa mtu wa Kutch, upande wa magharibi ya Gujarat, na asili ya ukoo wake ni bandari ya Mundra. Kutch ni nchi kavu. Kaskazini yake kuna uwanda mkubwa wa chumvi usioota mmea, na kusini kuna bahari. Mvua zikikosekana miaka miwili mfululizo, mkulima hana la kufanya. Mwaka 1819 tetemeko kubwa la ardhi liliiharibu miji mingi ya nchi hiyo. Ndiyo sababu watu wa Kutch, kwa karne nyingi, walijifunza kula kwa jasho la baharini. Mafundi wao walijua kuunda majahazi na kutia nguo rangi, manahodha wao walijua nyota na pepo, na wafanyabiashara wao walijua kuweka hesabu.

Ukoo wa Jairam ni wa Bhatia, jamii ya Kihindu iliyoshika biashara na iliyokuwa na ndugu na mawakala katika bandari nyingi. Maskati ya Oman ilikuwa na Mabhatia wengi, na ndiko ukoo wake ulikojenga uhusiano na watawala wa nasaba ya Busaidi. Baba yake, Shivji Topan, alikuwa mfanyabiashara aliyeaminiwa na watawala hao. Uaminifu huo ndio urithi mkubwa alioupata Jairam, kwa kuwa kwa mfanyabiashara wa zama zile jina zuri lilikuwa mtaji kabla ya fedha. Watawala wa Oman walipozidi kuelekeza macho yao Unguja, nyumba ya Shivji nayo ilielekea huko.

Mji ulivyokuwa

Kijana wa leo akipita katika Mji Mkongwe, huona majumba marefu ya mawe yaliyobanana na milango ya nakshi, akadhani mji ule ulikuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Mwaka 1811 nahodha Mwingereza aliyeitwa Thomas Smee alifika Unguja na kuandika alichokiona. Palikuwa na ngome, ambayo Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Karibu na pwani palikuwa na nyumba chache za mawe. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa vibanda vya miti na makuti. Mji wenyewe ulikaa juu ya rasi ya Shangani, bahari mbele na hori nyuma. Maji ya bahari yalipojaa, rasi hiyo ilikaribia kuwa kisiwa.

Hata hivyo mahali hapo palikuwa na mambo matatu mema. Jambo la kwanza ni bandari tulivu yenye kina, ambayo majahazi yaliweza kutia nanga salama. Jambo la pili ni maji mazuri ya kunywa. Jambo la tatu ni pepo. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma na kuyaleta majahazi kutoka Kutch, Bombay, Maskati na Hadhramaut. Baadaye kusi hugeuka na kuyarudisha kwao. Unguja ilikuwa mahali ambapo nahodha angeweza kufika, kuuza, kununua na kurudi kwao ndani ya mwaka mmoja. Lakini bandari nzuri peke yake haijengi mji. Pwani yetu ina bandari nzuri nyingi ambazo hazikupata kuwa miji mikubwa. Kilichohitajika ni mtawala aliyeitaka biashara, na mtu wa kuipangia biashara hiyo utaratibu.

Mtawala huyo alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akaipenda, na kwa miaka iliyofuata akaihamishia makao yake hatua kwa hatua. Kufikia mwaka 1840 Unguja ilikuwa kweli makao makuu ya dola yake. Yeye ndiye aliyehimiza kilimo cha mikarafuu Unguja na Pemba, mmea uliokuwa umeletwa kisiwani mwanzoni mwa karne hiyo. Na mpangaji wa biashara alikuwa Jairam Shivji.

Forodha ilivyofanya kazi

Ili kufahamu kazi ya Jairam, yafaa kwanza kufahamu forodha ya siku zile. Sayyid hakuwa na makarani wa serikali wa kukusanya ushuru. Aliikodisha forodha nzima kwa mfanyabiashara mmoja. Mfanyabiashara huyo aliahidi kumlipa Sayyid fungu maalumu la fedha kila mwaka, biashara iwe nzuri au mbaya. Halafu yeye mwenyewe aliajiri makarani, wapima mizani, walinzi na wapagazi, akakusanya ushuru katika bandari zote. Kilichozidi juu ya lile fungu kilikuwa faida yake, na kilichopungua kilikuwa hasara yake.

Nyumba ya Shivji iliishika forodha ya Unguja, na isipokuwa vipindi vifupi, iliendelea kuishika kwa zaidi ya nusu karne. Katikati ya miaka ya 1830 jina lililotajwa na kila mgeni aliyeshuka pwani lilikuwa la Jairam. Kwa cheo aliitwa bwana forodha, lakini mamlaka yake yalipita cheo. Aliweka mawakala, wengi wao Mabhatia wenzake, katika Kilwa, Bagamoyo, Pangani, Mombasa na Lamu. Hapana pembe, hapana sandarusi, hapana robota la nguo lililopita katika bandari hizo bila ya kuandikwa katika vitabu vyake.

Kupanda kwa kodi ya forodha ndiko kunakoonyesha namna mji ulivyokua. Mwanzoni mwa utawala wa Sayyid Said kodi hiyo ilikuwa chini ya riali laki moja kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1870 ilikuwa imefika kadiri ya riali laki tatu. Na wale wanaojua biashara watatambua kwamba hakuna mtu anayekubali kuongezewa kodi kila mkataba unapofanywa upya, ila akiwa na hakika kuwa mapato yanaongezeka zaidi.

Kazi nyingine ya Jairam haikuandikwa katika mkataba. Alikuwa benki ya Sayyid. Sayyid alipohitaji fedha za kulipa askari, kununua vifaa vya merikebu zake au kumpa mgeni zawadi, aliandika hati kwa Jairam, na Jairam akalipa. Mwisho wa mwaka hesabu ilipigwa. Kwa hiyo bwana forodha alikuwa mpangaji wa Sayyid na papo hapo mwenye kumkopesha, na wawili hao walifungamana kiasi kwamba mmoja hakuweza kuanguka bila kumtikisa mwenzake.

Wamarekani na nguo zao

Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara wa Marekani waliruhusiwa kuingia bandarini kwa kulipa ushuru wa asilimia 5 tu juu ya bidhaa walizoleta. Uingereza ilifanya mkataba wake mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, alifika mwaka 1837.

Waters hakuchelewa kutambua kuwa mwenye ufunguo wa bandari ni Jairam. Wawili hao wakapatana kushirikiana. Waters alimletea biashara ya merikebu za Salem, na Jairam alimpatia wanunuzi, pembe na sandarusi, pamoja na mashua na wapagazi wa kupakia na kupakua. Wafanyabiashara Waingereza walilalamika sana. Walisema kuwa hawapati mashua wala wapagazi mpaka Jairam apende, na kuwa mkataba wao wa kufanya biashara kwa uhuru ulikuwa maandishi tu. Malalamiko yao yalikuwa na ukweli ndani yake. Mimi ni mfanyabiashara, na sioni haya kusema kuwa Jairam alitumia nafasi yake ya kukusanya ushuru ili kuwabana washindani wake. Leo tungeliita jambo hilo kwa jina lisilopendeza.

Lakini matokeo kwa mji yalikuwa makubwa. Nguo nyeupe imara ya pamba kutoka Marekani ilienea bara nzima, hata ikaitwa merikani, na ikatumika kama fedha kutoka pwani hadi maziwa makuu. Pembe za ndovu zilikwenda Marekani kutengenezwa vitana na vibonye vya piano, na nyingine zilikwenda Bombay. Sandarusi ilikwenda kutengenezwa vanishi. Kutoka Kutch zilikuja kaniki na nguo nyingine za rangi. Mwaka 1840 Sayyid alituma merikebu yake, Sultana, hadi New York ikiwa na shehena ya bidhaa za nchi hizi, na watu wa mji ule wakawashangaa mabaharia wake.

Mkopo uliojenga majumba

Watu wengi hudhani kuwa Wahindi wa Unguja walitajirika kwa kuuza rejareja. Ukweli ni kwamba mji ule ulijengwa kwa mkopo. Chukueni mfano wa pembe moja. Kiongozi wa msafara, Mwarabu au Mswahili, hakuwa na fedha za kununua nguo, shanga na masango ya kutosha safari ya Unyamwezi. Alikopeshwa bidhaa na Mhindi mdogo. Mhindi mdogo alikopeshwa na Mhindi mkubwa. Mhindi mkubwa alikopeshwa na nyumba ya Jairam, ambayo nayo ilichukua bidhaa za Wamarekani kwa ahadi ya kulipa baadaye. Msafara ulikwenda mwaka, pengine miwili au mitatu. Wengine walikufa njiani, wengine walinyang'anywa, wengine walipotea makusudi. Waliorudi walileta pembe, na kila mmoja katika mnyororo ule akalipwa fungu lake, hadi mwisho pembe ikaingia merikebuni.

Mwenye shamba la mikarafuu naye alikopa. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mwenye shamba alitaka kula na kuvaa katika miaka hiyo. Aliweka shamba rehani kwa Mhindi, na riba ikafichwa ndani ya bei ili isionekane. Mashamba mengi yalibaki kwa jina la Mwarabu, hali mavuno yake yalikwisha kuandikwa kwa Mhindi. Yako pia madeni yaliyozaa uchungu uliodumu vizazi vingi, nasi wenye maduka twajua kwamba methali ya Kiswahili inayomtaja Baniani kuwa mbaya na kiatu chake kuwa dawa haikutungwa bure.

Kwa biashara hiyo mji ukabadilika sura. Vibanda vilirudi nyuma, majumba ya mawe yakapanda. Chini palikuwa duka na ghala, juu pakawa makazi. Ng'ambo ya hori ukazaliwa mji mwingine wa watu wa kazi, ambao mpaka leo twauita Ng'ambo. Richard Burton, aliyefika mwishoni mwa mwaka 1856, alikadiria kuwa mji ulikuwa na watu wapatao 25,000, na kwamba katika msimu wa majahazi idadi hiyo ilipanda kufikia 40,000 au zaidi. Katika nusu karne, bandari ya vibanda ilikuwa imepita miji yote ya pwani yetu.

Namna walivyoishi

Mabhatia wa wakati wa Jairam waliishi maisha ya kujinyima. Hawakuja na wake zao. Mwanamke wa Kihindu kuvuka bahari lilikuwa jambo lisilofikirika, na desturi hiyo ilianza kubadilika mwishoni mwa karne tu. Kwa hiyo kijana alikuja akiwa na umri mdogo, akalala ghalani, akapika chakula chake kisicho na nyama, akaandika hesabu kwa Kigujarati mchana kutwa, na baada ya miaka kadhaa akarudi Kutch kwa jamaa zake, kisha akaja tena. Walifuga ng'ombe kwa maziwa, na maiti zao walizichoma kwa mujibu wa dini yetu.

Jambo ambalo napenda vijana wetu walikumbuke katika siku hii ya sherehe ni kuwa waliyafanya hayo yote chini ya mtawala Mwislamu. Sayyid Said hakuwazuia kuabudu, hakuwalazimisha kubadili desturi zao, wala hakuwatoza kodi kwa sababu ya dini. Alimkabidhi Mhindu mapato ya dola yake yote. Msingi wa kuwapo mahekalu yetu katika nchi hizi ni uvumilivu huo wa wenyeji, nao ulitangulia matofali ya kwanza kwa miaka mingi. Nyumba ya Jairam nayo haikuajiri Wahindu peke yao. Tharia Topan, Khoja aliyetoka Kutch akiwa mtoto, alianza kwa kazi za chini kabisa katika nyumba hiyo, na mwishowe yeye mwenyewe akaishika forodha kwa kipindi.

Ukurasa ambao sikumsomea yule kijana

Sasa nafika pale nilipomkwepa mtoto wa jirani.

Forodha ilitoza ushuru kwa kila kitu kilichopita, na miongoni mwa vilivyopita walikuwamo wanadamu. Watu waliotekwa katika nchi za ziwa Nyasa na kwingineko walifikishwa Kilwa, wakapakiwa katika majahazi, wakaletwa Unguja. Kila kichwa kililipiwa ushuru. Katika miaka ya 1860 vitabu vya forodha vilionyesha kuwa takriban watu 20,000 walipita kila mwaka. Fedha hiyo iliingia katika mfuko ule ule ulioingia fedha ya pembe na karafuu. Na zile karafuu zilichumwa na nani? Zilichumwa na watumwa. Na zile fedha za kununulia watumwa wa mashambani zilitoka wapi? Nyingi zilitoka katika mikopo ya Wahindi.

Wako wanaosema kwa kutetea kuwa Jairam hakuongoza misafara ya watumwa wala hakusimama sokoni kunadi. Hilo laweza kuwa kweli, wala halimtoi katika lawama. Mwenye kukusanya ushuru juu ya jambo hula kutokana na jambo hilo. Waingereza walifanya mkataba na Sayyid mwaka 1845, uliokataza watumwa kupelekwa nje ya milki zake za Afrika, lakini biashara ya ndani iliendelea na forodha ikaendelea kutoza. Balozi Rigby alipowalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza kuwaacha huru watumwa wao, mwaka 1860, maelfu ya watu walipata uhuru. Hapo ikaonekana wazi kuwa si Waarabu tu waliomiliki watumwa. Wahindi wa Kutch wengi walijitetea kuwa wao si raia wa Uingereza bali ni watu wa Rao wa Kutch, na hivyo sheria hiyo haiwahusu. Utetezi huo ulidumu hadi mwaka 1869, Rao alipotangaza kuwa watu wake waliomo katika nchi hizo watendewe sawa na raia wa Uingereza.

Sisi Wahindu tunafundishwa ahimsa, kutodhuru kiumbe. Watu wale wale ambao hawakuweza kula yai, kwa kuogopa dhambi ya kuua, waliandika ushuru wa binadamu katika mstari mmoja na ushuru wa nazi. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Sidhani kuwa walikuwa watu wakatili kuliko sisi. Nadhani walijizoeza kuiona hesabu na kutomwona mtu aliyemo ndani ya hesabu. Mazoea hayo yanaweza kumpata mfanyabiashara wa zama zozote, na mimi simo nje.

Kurudi Kutch

Mapema katika miaka ya 1850 Jairam aliondoka Unguja akarudi Kutch, na kazi ya forodha akamwachia wakala wake mkuu, Ladha Damji. Ladha ndiye waliyemkuta wasafiri wa Ulaya waliotaka kuingia bara. Burton na Speke walisaidiwa naye mwaka 1857, na baadaye yeye ndiye aliyehusika kupeleka mahitaji ya Livingstone bara. Mipango ya safari nyingi zinazosomwa mashuleni kama ushujaa wa Wazungu ilipitia katika ofisi ya forodha, kwa mkono wa karani wa Kigujarati na mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi na Kizaramo.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akarithiwa Unguja na mwanawe Majid. Jairam naye alifariki mwaka 1866. Nyumba yake iliendelea, na madeni yakaendelea. Majid alipofariki mwaka 1870, alikuwa akidaiwa na nyumba ya Jairam zaidi ya riali laki tano. Sayyid Barghash, aliyemfuata, hakukubali kubeba deni lote la ndugu yake, na mwishowe dai hilo lilipunguzwa sana. Kisha, Aprili 1872, kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote na kuvunja majahazi bandarini. Nyumba nyingine ingefilisika. Hii ilivumilia, ikapoteza forodha kwa miaka michache, ikairudia, na ikaendelea nayo hadi katika muongo wa 1880, ulipokoma utaratibu wa kukodisha forodha.

Kiwanja cha Mkunazini

Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Kiwanja cha soko kilibaki wazi. Wamisionari Waingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, chini ya Edward Steere, yule yule aliyefanya kazi kubwa juu ya lugha ya Kiswahili, walitaka kujenga kanisa hapo. Sehemu ya ardhi ilinunuliwa na kasisi mmoja wa misheni. Sehemu nyingine, historia ya misheni hiyo inaeleza, ilitolewa bure na mfanyabiashara tajiri wa Kihindu, naye anatajwa kwa jina la Jairam. Wakati huo Jairam mwenyewe alikuwa ameaga dunia miaka 7 kabla, lakini jina lake liliendelea kubebwa na nyumba yake ya biashara. Siku ya Krismasi ya mwaka 1873 jiwe la msingi likawekwa.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi. Yawezekana aliyetoa kiwanja alitaka kuwapendeza Waingereza, ambao nguvu yao ilikuwa ikipanda. Yawezekana ardhi ya soko lililofungwa haikuwa tena na bei. Na yawezekana pia kuwa mtu fulani, ameketi mbele ya vitabu vile vya hesabu, aliona kuna deni ambalo hakuna riali ya kulilipa, akatoa alichoweza. Mimi sitachagua kwa niaba yake. Nasema tu kwamba kanisa la Wakristo linasimama kwa sehemu juu ya ardhi iliyotolewa na Mhindu, katika mji wa Waislamu, mahali walipouzwa Waafrika. Sote tumo katika kiwanja kile.

Jibu ninalodaiwa

Sikukuu ya Diwali inapofika, sisi wafanyabiashara huvileta vitabu vyetu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi na Ganesh, vikabarikiwa kabla ya kuandikwa neno. Baba yangu alinifundisha kuwa siku hiyo hupaswi kufungua kitabu kipya kabla hujafunga cha zamani kwa haki, ukaandika ulichodai na ulichodaiwa. Mwenye kuandika madai yake tu, akaficha madeni, anajidanganya mwenyewe mbele ya mungu.

Katika hesabu ya Jairam Shivji, upande mmoja kuna mji. Kuna bandari iliyojulikana kutoka Salem hadi Bombay, kuna majumba, kuna mkopo uliowawezesha watu wa makabila na dini nyingi kufanya kazi pamoja kwa neno la mdomo na mstari wa wino. Upande wa pili kuna watu walioandikwa kwa idadi bila majina. Upande mmoja haufuti wa pili. Mji ule ulikua kwa vyote viwili, na sisi tuliokuja baadaye tumerithi vyote viwili.

Kwa hiyo, mjukuu wangu uliyeniuliza, kijitabu hiki kitakufikia, kwa kuwa nyumba yenu ni ya kwanza kuingia katika orodha ya majirani tunaowapelekea peremende. Wazee wetu walisimama upande wa forodha. Wengi wao walikuwa watu waaminifu katika biashara, na wengi wao walikula kutokana na soko lile. Niliposema walikuwa wauza nguo tu, nilikupunja, na mwenye duka hatakiwi kumpunja mteja. Njoo siku ya sherehe, uje na wazazi wako. Tutakula pamoja, na kama una maswali mengine, safari hii sitakujibu kwa haraka.

Mwenyezi Mungu alibariki hekalu letu, awabariki majirani zetu wote, na atujalie kufunga vitabu vyetu kwa haki.